Ekokadiografia ya mtoto tumboni: uzoefu wangu

Kwenye ultrasaundi ya wiki ya 20 niliambiwa vyumba vinne vya moyo wa mwanangu viko sawa. Mpimaji akasogeza kifaa juu kidogo, kuelekea shingoni mwa mtoto, akanyamaza. Nikatoka na karatasi ya rufaa bila maelezo yoyote. Siku sita nilizosubiri zilinitesa sana, na hapo ndipo ninapoipunguzia hospitali alama. Mama mjamzito hapewi karatasi tu akaachwa.

Kipimo chenyewe, yaani ultrasaundi ya kuangalia moyo wa mtoto kwa undani, hakiumi. Ni jeli tumboni na uvumilivu, maana mtoto alitupa mgongo nikaambiwa nitembeetembee kwanza. Daktari bingwa alinigeuzia skrini. Kwa kawaida aota, yaani mshipa mkuu unaotoa damu kwenye moyo, na mfereji unaotoka kwenye mshipa wa mapafu hukutana kushoto mwa bomba la hewa, vikachora herufi V. Kwa mwanangu aota ilipinda kulia, bomba la hewa likabaki katikati, na umbo likawa U. Alipowasha rangi za mtiririko wa damu, hata mimi niliiona.

Alinieleza taratibu kwamba mishipa ikizunguka hivyo inaweza kubana bomba la hewa na umio (njia ya chakula). Watoto wengi wenye aota ya kulia hawasumbuki; wengine hupumua kwa sauti au hupaliwa wakila, na baadhi huhitaji upasuaji. Nani atabanwa, kipimo hakikuweza kusema. Nilishukuru kuambiwa hivyo waziwazi. Aliniuliza pia kama ningependa maji ya uzazi yapimwe, kwani wakati mwingine hali hii huandamana na upungufu wa kipande cha kromosomu ya 22, mojawapo ya nyuzi zinazobeba vinasaba. Hakunisukuma. Nililala nalo siku mbili, nikakubali, majibu yakaja mazuri.

Mwanangu alipofika miezi minne akaanza kupumua kwa mluzi kila anaponyonya. Daktari wa kwanza kumwona alisema ni mafua. Nikatoa ile ripoti ya kipimo cha tumboni. Wiki hiyohiyo akapigwa CT (picha za eksirei za ndani ya mwili), ikaonekana pete ya mishipa, yaani mishipa iliyozunguka bomba la hewa na umio, na sasa tuko chini ya daktari wa moyo wa watoto.

Ukienda kupimwa, usiishie kuuliza kuhusu vyumba vinne. Uliza kama wameangalia na ile mishipa mitatu iliyo juu ya moyo, pamoja na bomba la hewa.