Kiyeyushi au chembe za nano kwa dawa ya ngozi isiyoyeyuka vizuri kwenye maji?

Kinachopenya ngozi ni molekuli zilizoyeyuka. Dawa iliyobaki ungaunga hukaa juu tu. Njia ya zamani ni kuongeza kiyeyushi, yaani kimiminika kinachoyeyusha dawa, kama propilini glaikoli au ethanoli (aina ya alkoholi). Ni rahisi kutengeneza, tena kiyeyushi chenyewe hulegeza tabaka la juu la ngozi. Lakini kikizidi, dawa hung'ang'ania ndani ya krimu badala ya kutoka. Ethanoli nayo hukauka upesi, dawa ikarudi kuwa fuwele, na ngozi ikawasha.

Njia ya pili ni kusaga dawa hadi chembe za nanomita mia chache (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita). Eneo la kugusana na maji huongezeka sana, na dawa huyeyuka haraka zaidi. Kinachonivutia hasa ni akiba: molekuli zikiingia ngozini, chembe nyingine huyeyuka kuziba pengo, kwa hiyo msukumo wa kupenya haulegei mapema. Tatizo ni uthabiti. Chembe ndogo huyeyuka na kuzikuza zile kubwa, hivyo kiimarishi, yaani kitu cha kuzuia chembe zisibadilike, ni lazima.

Kwa ngozi nyeti ningechagua chembe. Ila kama dawa inayeyuka vizuri katika glaikoli kidogo, kusaga ni gharama ya bure.