Uzoefu wangu na Tesseract katika kuandaa vitabu vilivyoskaniwa kwa ajili ya nukta nundu

Kazi yangu ni kuwaandalia wanafunzi wasioona wa sekondari matini ya kuchapwa kwa nukta nundu, na kwa kuwa vitabu vingi tunavipata vikiwa karatasi tupu, sina budi kuanza na skana na programu ya kutambua maandishi. Ninayoitumia ni Tesseract, programu huria isiyolipiwa, yenye faili la lugha ya Kiswahili.

Ukiskani kwa nukta 300 kwa kila inchi, ukurasa ukiwa umenyooka na kivuli cha mgongo wa kitabu kikiwa kimeondolewa, matokeo ya Kiswahili ni mazuri kuliko nilivyotarajia kwa kitu cha bure. Sharti uitaje lugha kabla ya kuanza, kwa sababu isipoambiwa husoma kila kitu kwa Kiingereza.

Hata hivyo, maandishi yanayolitosheleza jicho hayajawa tayari kwa kidole. Herufi l na tarakimu 1 hufanana sana katika vitabu vya zamani, na anayeona akikuta “ki1a” atasoma “kila” bila kusita. Programu ya kutafsiri nukta nundu haimvumilii mtu hivyo: kwa kanuni za UEB (Unified English Braille, yaani nukta nundu ya Kiingereza) huweka kwanza alama ya namba, yaani nukta 3, 4, 5 na 6 za seli, ile nafasi ya nukta sita inayobeba herufi moja, kisha herufi a inayosimama badala ya 1, halafu alama ya kumrudisha msomaji kwenye herufi, ndipo ije a ya mwisho. Neno la seli nne limekuwa la seli sita, na mwanafunzi analazimika kusimama na kukisia. Ritifaa ya ng’ nayo ina taabu yake, kwani ikitambuliwa kama alama ya kufungua nukuu, “ng’ombe” hupata seli mbili za nukuu mahali palipohitaji nukta 3 peke yake. Kwa hiyo katika LibreOffice Writer, programu ya kuandikia, huanza kwa kutafuta tarakimu yoyote iliyoshikana na herufi, kisha nazigeuza ritifaa zote ziwe za aina moja, na baada ya hapo ndipo nasoma neno kwa neno.

Vistari vya kukatia maneno mwishoni mwa mstari lazima viondolewe, maana ukurasa wa nukta nundu wenye seli 40 kwa mstari na mistari 25 hautakata maneno pale kitabu kilipoyakata. Vichwa vya kurasa vinavyojirudia navifuta. Namba za kurasa, kinyume na ushauri niliowahi kupewa, nazibakiza kwenye mstari wake, kwa sababu mwalimu akisema “fungueni ukurasa wa 52” mwanafunzi asiyeona naye anapaswa kuufikia. Vichwa vya sura navipa mtindo wa kichwa cha habari, wala siridhiki na kukoleza wino, kwa kuwa programu ya kutafsiri hupanga ukurasa kwa kufuata mitindo hiyo. Picha naieleza kwa sentensi mbili tatu. Ramani huhitaji kuchorwa upya kwa mistari ya kuguswa, na hiyo ni kazi ya mtu mwingine.

Faili likishatakata nalipitisha kwenye programu ya kutafsiri inayotumia Liblouis, ambayo nayo ni ya bure na ina majedwali ya kanuni za nukta nundu ya Kiswahili, kisha mwenzangu asiyeona husoma nakala ya majaribio kabla ya kuchapa nyingine. Hatua hiyo siiruki hata muda ukiwa mfupi.

Kwa riwaya, tamthilia na historia naipendekeza Tesseract bila wasiwasi, mradi mtumiaji atenge muda mrefu zaidi wa kusahihisha kuliko wa kuskani. Kwa hisabati na kemia siipendekezi: sehemu, vipeo na fomula hutoka zimevurugika kiasi kwamba kuziandika upya huchukua muda mfupi kuliko kuzisahihisha.