Machenza ya chupa ya Kibuye, nyota 4

Kuna mama anauza machenza ya chupa pale soko ya Kibuye, Kisumu, yamemenywa yakalazwa kwa sirapu, na kusema ukweli yanashinda ya mkebe ya supamaketi. Vipande ni vizima, ule utando mwembamba umetolewa wote na nyuzi nyeupe huoni hata moja, ndio maana hayaachi uchungu kwa ulimi. Sirapu si nzito, unasikia chenza yenyewe si sukari tu. Sasa ukiona kitu nyeupe imetulia chini kama unga usishtuke wala usimwage, hiyo ni hesperidini inatoka kwa tunda lenyewe, haidhuru mtu. Yenye imeharibika inajulikana tu, kifuniko kinafura na ukifungua inatoa povu.

Nyota moja nimekata juu chupa ni kubwa lakini vipande vinafika nusu hivi, kwingine kote ni sirapu, na bei si ya mchezo jameni. Halafu moja kifuniko kilikuwa kinacheza katikati ukibonyeza, kumaanisha hakijafunga vizuri, nikarudisha, akanibadilishia bila maneno mingi. Bonyeza kabla hujalipa. Watoto kwangu wanakula na maziwa lala, mi hapo siwezi. Sirapu ikibaki weka kwa strungi badala ya sukari, na tangawizi kidogo.