Nairobi Gallery: nendeni, ila mwongozaji wa kukodi mwacheni nje

Nimetoka Nairobi Gallery, jumba la makumbusho, majuzi na hasira haijanitoka, wala si hasira ya jumba. Ni ya mwongoza watalii wa kampuni moja, siitaji, aliyesimama katikati ya ukumbi wa pembe nane akawaambia wageni, "Hizi ni ofisi za mkoloni, haya twende." Basi! Jengo la 1913, ambamo vizazi, ndoa na vifo viliandikishwa, likaja kuwa ofisi ya mkuu wa mkoa, analimaliza kwa pumzi moja. Hakuna aliyeambiwa ainue macho aone kuba. Hakuna aliyeonyeshwa kwamba umbali wa barabara za nchi ulipimwa kuanzia hapo.

Vilivyomo ndani ni sehemu ya mkusanyo wa Joseph Murumbi na mkewe Sheila. Mgeni asipoambiwa kwamba huyu alikuwa makamu wa rais mwaka 1966 akajiuzulu mwaka huohuo, ataona vitambaa na mapambo ya kupendeza, apite zake.

Kilichoniudhi kuliko vyote ni flashi. Mwongozaji huyo aliwahimiza wageni waiwashe! Mwanga mkali hula rangi za nguo kidogo kidogo, na rangi iliyopauka hairudi. Tena picha yenyewe huharibika, kwa kuwa kioo cha kabati hurudisha doa jeupe katikati. Zima flashi, sogeza simu karibu kabisa na kioo, uiinamishe kidogo, na vaa nguo nyeusi ili usijipige picha mwenyewe. Vitambaa vitazame mara mbili: kwa mbali uone mpangilio, kisha karibu uone mishono ya kuunganishia vipande.

Nilitaka kuandika kwamba hapafai kwenda na kundi. Hapana, panafaa, mradi mgawanyike watano watano, maana vyumba ni vidogo na wa nyuma haoni kitu. Na mwongozaji mzuri yupo, sikatai; mjaribu kwa swali moja mlangoni: Murumbi alikuwa nani? Akibabaika, ingieni wenyewe mkasome maelezo ukutani. Nendeni asubuhi, makelele ya Uhuru Highway yanachosha baadaye.

Mkitoka msirudi nyumbani. Shukeni Kenyatta Avenue mpaka Moi Avenue, kwenye Nyaraka za Taifa, jengo jingine la kale lililokuwa benki. Sehemu kubwa ya vitu vya Murumbi iko ghorofa ya chini, na yule mwongozaji hakuitaja hata kidogo.