Hard disk ya kuhifadhia muvi kwenye kompyuta ya sebuleni: ipi ya kwanza, ipi uikimbie

Ukiingia duka lolote la kompyuta Kariakoo, muuzaji anakupokea na swali moja: "Tera ngapi, bosi?" Tera ni terabaiti, kama giga 1,000 hivi. Kabla hujamjibu, jiulize kwanza mashine yako ni ipi. Wengi wetu kompyuta ya sebuleni ni used ya ofisini, Dell OptiPlex au HP EliteDesk. Kama ni ile ya kulaza, pana kama dekoda mbili zilizobebana, kwa kawaida ndani ina nafasi ya diski kubwa ya inchi 3.5. Kama ni ile ndogo unayoishika kwa mkono mmoja, inameza diski ya inchi 2.5 tu, tena nyembamba ya milimita 7, na hizo usitarajie zaidi ya tera 2. Mwenye mashine hiyo atafute eksteno, yaani diski ya nje ya kuchomeka kwa USB, ile kubwa yenye adapta yake ya kuchomeka ukutani.

La pili, kasi isikuumize kichwa. Diski ya Blu-ray ya 4K, ambayo ndiyo picha nzito kuliko zote utakazocheza nyumbani, haihitaji hata megabaiti 20 kwa sekunde. Hata diski ya polepole kabisa leo inatoa mara kadhaa ya hapo. Kwa hiyo anayekuuzia ya mizunguko 7,200 kwa dakika eti "ndiyo ya muvi" anakuuzia joto na kelele. Utaijua kelele hiyo saa nne usiku, watoto wamelala, muvi imefika pale pa kimya, na chini ya TV kuna kitu kinakwaruza kama panya kwenye gunia la mahindi.

Namba moja kwangu ni WD (Western Digital) Red Plus au Seagate IronWolf ya tera 8. Zote zimetengenezwa kwa mashine zisizozimwa, zina waranti ya miaka 3, na zinaandika data bila kulaliana. Hilo la kulaliana linahitaji maelezo. Fikiria paa la makuti: kuti la juu limelalia la chini, na ukitaka kubadilisha la chini huna budi kufumua yaliyolilalia, kisha uyarudishe. Kuna diski zinazoandika hivyo, zinaitwa SMR, ili data nyingi ienee kwenye sahani ileile. Kusoma hazina shida. Kuandika upya ndiko kunakozichosha, na unaweza kukuta kasi imeshuka hadi unadhani kompyuta imekwama. Zisizolaliana zinaitwa CMR. Mwaka 2020 ilibainika kwamba WD walikuwa wameingiza SMR kwenye baadhi ya Red za tera 2 hadi 6 bila kuwaambia wateja. Baada ya kelele ndipo wakaleta jina la Red Plus kwa zile za CMR. Basi soma lebo: hilo neno Plus si pambo. Kati ya hizo mbili mimi nachukua Red Plus, kwa kuwa nyingi za tera 4 na 8 huzunguka taratibu, lakini ukikuta IronWolf kwa bei nafuu usisite.

Namba mbili itawashangaza wengine: diski za kamera za CCTV, WD Purple na Seagate SkyHawk. Huku kwetu ndizo rahisi kupatikana kuliko zote, kwa sababu kila fundi kamera anazihitaji. Zimezoea kuandika usiku na mchana, na waranti nazo ni miaka 3. Kwenye kompyuta ya kawaida zinasoma faili kama diski nyingine yoyote. Ukikosa Red Plus, usizunguke mji mzima kwa jua la saa saba.

Seagate BarraCuda ya tera 8 naiweka ya tatu. Ni SMR na waranti yake ni miaka 2, ila kwa mtu anayejaza muvi mara moja na kuzitazama mwaka mzima, haina ubaya. Usiitumie tu kwa kurekodi na kufuta kila siku.

Eksteno ndogo za mfukoni zinaishia tera 6, na za ukubwa huo ni SMR. Kinachonikera kwenye nyingi za WD ni kwamba tundu la USB limechomelewa moja kwa moja kwenye bodi ya diski. Watoto wakivuta waya na tundu likalegea, huwezi kuitoa diski ukaichomeka kwa waya wa SATA, ule wa ndani ya kompyuta. Unaanza kutafuta fundi wa kuchomelea huku roho iko mkononi.

Halafu zipo used za seva, Seagate Exos na wenzake, tera 12 au 16 kwa bei tamu. Zina makelele, na umri wake haujulikani kwa macho. Mwanzoni mwa 2025 Ujerumani ziligundulika Exos zilizotumika maelfu ya saa zikiuzwa kama mpya, hesabu ya saa ikiwa imefutwa. Kilichozifichua ni kumbukumbu nyingine ya ndani iitwayo FARM, ambayo programu ya smartctl inaweza kuisoma. Kama hujui kuisoma, achana nazo.

Ya mwisho si diski. Jirani yangu alikuja na "SSD ya tera 16" (diski isiyo na sahani ya kuzunguka) iliyomgharimu bei ya flashi mbili. Tukaifungua kwa kisu cha mezani: ndani kadi moja ya memori, imebandikwa kwa gundi, na kipande cha chuma cha kuongeza uzito. Ilikuwa inapokea faili zote bila kulalamika. Kuzirudisha ndiyo ilikuwa haiwezi.

Kuhusu ukubwa, mimi ningenunua mbili za tera 4 kabla ya moja ya 8, kama mashine ina nafasi. Muvi ikipotea utaipata tena. Video ya harusi ya dada yako, iliyopigwa kwa 4K ya megabiti 100, inakula giga 45 kwa saa na haina nakala popote duniani. Hiyo ikae kwenye diski zote mbili. Na kwa umeme wetu huu wa kukatika, fomati (panga diski) kwa NTFS ya Windows au ext4 ya Linux, usiweke exFAT, maana umeme ukienda katikati ya kuandika, exFAT haina daftari la kujirekebisha. Ukiona Windows inaonyesha 7.27 badala ya 8, hujaibiwa, ni namna yake ya kuhesabu.

Dukani, kabla hela haijatoka mfukoni, omba wachomeke diski na wafungue CrystalDiskInfo, programu ya kupima afya ya diski. Mpya isome saa sifuri au zisizozidi chache, na mstari wa "Reallocated Sectors", yaani sehemu mbovu zilizokwisha kubadilishwa, uwe sifuri. Piga picha ya lebo, kisha hakikisha namba ya diski (Serial Number, S/N) iliyo kwenye lebo ndiyo inayoandikwa kwenye risiti ya EFD. Muuzaji akianza kusema mashine ya risiti ina hitilafu leo, mwambie utarudi kesho.