Mtumbwi wa Mto Kushiro: pesa yangu haikwenda bure

Jamaa wa barazani Wete wananiuliza kama ile pesa ya safari ya mtumbwi kule Hokkaido, kisiwa cha kaskazini mwa Japani, sikuitupa. Sikuitupa, ila baridi ya Oktoba ilinitia adabu.

Tuliingilia Ziwa Toro, tukashuka na Mto Kushiro mpaka Hosooka, kiasi cha saa mbili. Mto mzima una kilomita 154, unatoka Ziwa Kussharo. Mie nimezoea pondo, mikoko, na maji ya kupwa na kujaa. Kule maji yanakwenda upande mmoja tu, kimya, kafi karibu halina kazi. Matete pande zote, rangi ya makuti makavu. Paa watatu walisimama ukingoni wakitutazama kama wanaotudai. Kisha korongo wawili: weupe, shingo nyeusi, utosi mwekundu utadhani wamepakwa hina. Kinamasi hicho cha Kushiro ndicho cha kwanza Japani kuingizwa katika Mkataba wa Ramsar, ule wa kimataifa wa kulinda ardhi oevu, 1980.

Kasoro? Mabuti ya mpira niliyopewa yalinibana, na mwongozaji alinong'ona Kijapani safari nzima. Nilishika neno moja, tancho, ndiye korongo mwenyewe. Chai ya chupa haikuwa na sukari hata chembe. Nikirudi, nachukua soksi mbili mbili na tangawizi yangu.