Miezi minane ya filamu za Kicheki Chicago, na bibi aliyekuwa Lufufu wangu

Nianze na kiingilio, maana najua ndicho mtakachoniuliza kwanza: dola 10. Ukiwahi unapata kahawa na koláč, mkate mtamu wa duara wenye jamu katikati; ukichelewa unakuta makombo. Ni mara moja kwa mwezi, Jumanne ya mwisho, saa moja jioni, katika ukumbi mdogo wa viti kama sitini hapa Chicago. Filamu ni moja tu, ya Kicheki, mpya au ya miaka michache iliyopita, na maandishi ya Kiingereza yanapita chini ya picha. Ikiisha, watu wanabaki kuzungumza. Jina la ukumbi silitaji, kwa kuwa huko mbele nina malalamiko yangu, na wanaoendesha shughuli hii ni watu wanaojitolea baada ya kazi zao.

Aliyeona tangazo ni rafiki yangu wa Lubumbashi, ambaye tulijuana kwenye basi kwa sababu ya Kiswahili. "Wacheki? Si ndio wa viatu vya Bata?" Nikamcheka, kumbe kasema kweli. Bata ilianzishwa mwaka 1894 katika mji wa Zlín na Tomáš Baťa na ndugu zake. Mimi mpaka namaliza darasa la saba nilidhani kampuni imepewa jina la ndege, nikawa najiuliza mbona kwenye sanduku hakuna picha ya bata.

Na Chicago yenyewe imejaa nyayo zao. Kitongoji cha Pilsen kilipewa jina la mji wa Plzeň, ule uliotoa bia ya pilsner mwaka 1842. Leo ni kitongoji cha Wameksiko, ukutani michoro, barabarani harufu ya nyama ya kuchoma. Cermak Road nayo imebeba jina la Anton Cermak, meya aliyezaliwa Kladno, akapigwa risasi Miami mwezi Februari 1933 akiwa karibu na Franklin Roosevelt, akafa Machi. Miaka miwili nilikuwa nashuka basi kwenye barabara ya mtu huyo nikiwahi zamu ya kutunza wazee, sijui hata ni nani.

Filamu yangu ya kwanza ilikuwa Šarlatán ya mwaka 2020, iliyoongozwa na Agnieszka Holland, Mpolandi aliyesomea filamu Prague. Inamhusu Jan Mikolášek, mganga wa mitishamba aliyeishi kweli. Mgonjwa analeta mkojo kwenye chupa, mganga anauinua kwenye mwanga, anautazama kimya, kisha anamwambia anaumwa nini na anywe majani gani. Alitibu makabwela na alitibu wakubwa, hata Rais Antonín Zápotocký. Rais alipofariki mwaka 1957 mwavuli ukaondoka, wakaja kumkamata. Ile foleni ya wagonjwa nje ya nyumba yake ilinitoa Chicago ikanipeleka Samunge, Loliondo, mwaka 2011: magari yamepangana porini, kila mtu na shilingi 500 yake mkononi anasubiri kikombe cha dawa ya Babu. Mama yangu mdogo alikwenda. Alilala njiani siku mbili na mpaka leo hataki kuulizwa kama alipona. Kilichonishika ni kwamba filamu haikulazimishi uamue huyu ni mganga wa kweli au tapeli. Inakuonyesha mikono yake, ukali wake, mapenzi yake ya siri, inakuacha nayo. Ivan Trojan ndiye anayemwigiza, na ujana wake umeigizwa na Josef, mwanawe wa kumzaa, kwa hiyo sura haikupotezi.

Sasa nije kwa bibi.

Mwezi wa pili walituwekea kichekesho cha kifamilia ambacho jina lake limenitoka. Ukumbi ulikuwa unaangua kicheko pale ambapo mimi chini nimesoma maneno makavu kabisa, kama "kaa hapa". Nikajiona mshamba. Bibi mmoja aliyekaa kushoto kwangu akaniinamia: "Amemwita *wewe* kama anavyomwita mtoto, na huyo ni mkwe wake." Kumbe Kicheki kina "wewe" mbili, *ty* ya mtu wa karibu na *vy* ya heshima, na Kiingereza kina moja tu, kwa hiyo mfasiri kafunika zote kwa blanketi moja. Mtu aliyelelewa kwa shikamoo hahitaji kufafanuliwa zaidi. Kuanzia hapo kila kicheko kilipoanza niligeuka kushoto, na bibi akanitafsiria tafsiri.

Waliokulia vibanda umiza, vile vibanda vya video vya mtaani, wataelewa nikisema huyu alikuwa Lufufu wangu. Sisi tulijifunza sinema kwa Lufufu, mtafsiri aliyekuwa akisimulia kwa Kiswahili juu ya sauti ya filamu, akikwambia huyu jambazi ni mjomba wake yule, hata kama mwongozaji hakusema hivyo. Tofauti ni kwamba bibi hakuongeza chumvi. Alirudisha ile iliyomwagika.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii: filamu hizi nyingine utazipata mtandaoni, utaziangalia kitandani umejifunika. Ukumbini unalipia wale wazee wa safu za mbele. Ukiwaangalia wao unajua ni wapi filamu imegusa mfupa.

Jambo hilo lilinithibitikia siku ya Vlny, ya mwaka 2024, iliyoongozwa na Jiří Mádl. Jina maana yake ni mawimbi, na kama kwetu, ni ya maji na ya redio pia. Kijana anaajiriwa katika idara ya habari za kimataifa ya Redio ya Czechoslovakia, inayoongozwa na Milan Weiner, huku polisi wa siri wakimbana kupitia mdogo wake. Kisha unafika usiku wa kuamkia Agosti 21, 1968, vifaru vya Kisovieti na vya washirika wao vinaingia Prague, na watangazaji wanaendelea kutangaza kwa kujificha. Nilimgeukia bibi mara mbili. Hakusema kitu. Alikuwa na miaka kumi na tisa wakati ule, alituambia baadaye, jikoni na baba yake, redio mezani, na mwaka uliofuata akaondoka.

Katika filamu hiyo kuna neno *soudruhu* ambalo wakubwa wanalitumia kuitana. Kiingereza kina neno lake, lakini mimi kichwani nilisikia "ndugu", ile ya Ndugu Mwenyekiti na Ndugu Katibu, inayotamkwa taratibu na mtu aliyeshika barua yako ya uhamisho. Nilipolisema hilo wakati wa maongezi, wazee watatu waligeuka kuniangalia kwa pamoja. Mkenya mmoja wa safu ya nyuma akaongezea ya Agosti 1, 1982, waasi wa jeshi la anga walipoiteka redio ya Sauti ya Kenya na mtangazaji Leonard Mambo Mbotela akalazimishwa kutangaza kwamba serikali imepinduliwa. Tukakaa mpaka mlinzi akaja na funguo.

Zátopek ya David Ondříček, ya mwaka 2021, nilikwenda nikiwa tayari upande wake. Emil Zátopek alishinda mita 5,000, mita 10,000 na marathoni katika Olimpiki moja, Helsinki 1952, na marathoni hiyo ndiyo ilikuwa ya kwanza maishani mwake. Hakuna aliyerudia. Siku ile ile aliyoshinda 5,000, mkewe Dana alichukua dhahabu ya mkuki. Halafu Emil akaunga mkono wanamageuzi wa 1968, akafukuzwa jeshini na kwenye chama, akaishia kazi za sulubu. Kama filamu, ni ya kawaida kidogo: ina mbio, machozi, mbio tena, lakini jinsi mwigizaji Václav Neužil anavyokimbia na uso uliokunjamana kama anayeng'olewa jino, hapo walipatia kabisa.

Mimi kwetu ni Mbulu, kwa mkimbiaji John Stephen Akhwari, kwa hiyo maongezi yalipoanza sikuweza kunyamaza. Nikawasimulia marathoni ya Mexico 1968, Akhwari anaingia uwanjani wa mwisho, giza limeingia, goti limefungwa bandeji. Bibi akasema yeye Olimpiki hiyo anamkumbuka Věra Čáslavská, mcheza jimnastiki wao, aliyesimama jukwaani wimbo wa taifa wa Wasovieti ukipigwa, akainamisha kichwa na kukigeuzia pembeni. Michezo ile ile, Oktoba ile ile. Yeye hakuwahi kusikia ya Akhwari na mimi sikuwahi kusikia ya Čáslavská.

Sasa malalamiko.

Maandishi ya chini ni meupe, na Wacheki wanapenda theluji. Robo ya mazungumzo inapotelea humo. Hotuba za kufungulia ni ndefu. Kuna siku nilihesabu dakika ishirini na tano za kushukuru watu ambao hata hawakuwepo. Na matangazo hayasemi filamu inafaa umri gani. Walipotangaza Moje slunce Mad ya Michaela Pavlátová, mimi nikaona katuni, nikaona jina la jua, nikamchukua binti yangu wa miaka tisa. Ni katuni, ndiyo, na ilipata Tuzo ya Jopo la Majaji kwenye tamasha la katuni la Annecy, Ufaransa, mwaka 2021, lakini ni hadithi ya mwanamke wa Kicheki aliyeolewa Kabul, na anayoyakuta kwa wanawake wa nyumba ile si ya mtoto. Tulimalizia jioni kwenye korido tunakula koláč. Baadaye niliitafuta nikaiangalia peke yangu: mke mgeni, babu mkwe, wifi, mapenzi na vipigo chini ya paa moja. Ni nzuri mno, na kosa la kutouliza nusu yake ni langu.

Jioni ngumu kuliko zote ilikuwa ya Nabarvené ptáče ya Václav Marhoul, ya mwaka 2019. Nyeusi na nyeupe, dakika 169, mtoto anazurura vijijini wakati wa Vita vya Pili vya Dunia na kila mlango unaofunguliwa una ukatili wake. Watu wa vijijini humo wanazungumza lugha ya kuunga ya Kislavi, ili pasiwe na taifa litakalobebeshwa lawama. Bibi mwenyewe alikwama. "Nasikia robo tatu," alininong'oneza, "robo inanikimbia." Rafiki yangu wa Lubumbashi hakufika hata saa ya kwanza. Nilimfuata nje nikamkuta amesimama kwenye baridi. "Vita nilisha kuiona, mukubwa. Siwezi kulipa makuta juu ya kuiona tena." Mwezi uliofuata alirudi, lakini siku hizi ananitaka kwanza nisome filamu inahusu nini.

Nawapa nyota nne kati ya tano. Mkija, msikae nyuma karibu na mlango, baridi inaingia. Kaeni safu ya tatu au ya nne, upande wa kushoto, karibu na wazee. Kile kiti cha pili kutoka ukutani kina mwenyewe, na cha pembeni yake ni changu.